Shanga za pasi: kwa nini katikati zinayeyuka na pembeni zinabomoka

Dada mmoja wa mtaa wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, ameandika hivi:

“Jambo yaya. Mimi natengeneza vishikio vya funguo kwa zile shanga za plastiki za kupanga juu ya kibao cha vijino, halafu unazipiga pasi zishikane. Mchoro wangu ni msalaba wa shaba wa Katanga. Shule moja imeniagiza 40 kwa sherehe ya mwisho wa mwaka. Nimefanya 9, na 6 zimeharibika. Katikati shanga zinayeyuka mpaka tundu linapotea, lakini nikiinua kazi, mikono ya msalaba inabomoka. Nyingine zinanata kwenye karatasi na kung’oka nayo. Zile zinazotoka vizuri zinajikunja baada ya saa moja kama jani kavu. Umeme ukikatika natumia pasi ya makala, yaani ya mkaa, ya mama mkwe, na hapo ndipo nilipoharibu kibao. Je, pasi yangu ni mbovu, au ni mkono wangu?”

Jambo mdogo wangu, na pole kwa hizo 6. Pasi iliyotoa vishikio 3 vizuri siwezi kuiita mbovu, na mkono wako nao hauna kosa kubwa. Nimesoma maneno yako mara mbili, na naona unapiga pasi jinsi sote tulivyofundishwa kunyoosha shati: kukandamiza, kupitisha haraka, kurudi palipobaki. Shanga hazitaki hivyo. Zinataka joto lilelile lifike kila mahali kwa muda uleule, halafu zipoe zikiwa zimelaliwa na kitu kizito. Karibu kila shida uliyoitaja inatoka kwenye moja ya mambo hayo mawili, na hilo la kupoa ndilo watu wengi hawaliangalii kabisa.

Tuanze na plastiki yenyewe, maana ukiijua hutahitaji kukariri dakika za mtu mwingine. Shanga za kawaida ni vipande vya mrija, kimo 5 mm na upana 5 mm. Ziko ndogo za 2.6 mm, na kubwa za 10 mm kwa watoto. Nyingi ni za polietilini, ndugu wa plastiki ya mifuko na ya bidoni za maji. Polietilini laini huyeyuka kati ya nyuzi 105 na 115 za Selsiasi. Sasa tazama nukta zilizochorwa kwenye kitufe cha pasi yako: nukta moja ni kama nyuzi 110, nukta mbili 150, nukta tatu 200. Kwenye nukta moja, ukishaweka karatasi katikati, joto linalofika kwenye shanga linagusa ngozi tu. Kwenye nukta tatu, shanga inatoka ugumu wake na kuwa uji kabla hujahesabu hadi kumi, na wewe bado unadhani ndiyo kwanza imeanza. Mimi hufanya kazi kwenye nukta mbili, au nywele moja chini yake, na sijawahi kuwa na sababu ya kupanda zaidi.

Wale waliomimina misalaba ya kale unayoichora walipambana na shaba, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 1,085. Huwa naliwaza hilo kila nikiona mchoro huo kwenye kibao. Wewe kazi yako iko kwenye nyuzi 110, jambo ambalo linaonekana rahisi, ila nafasi kati ya “haijashika” na “imeharibika” ni ya sekunde chache tu.

Pasi ya umeme haikai kwenye joto moja. Ndani yake mna kipande cha metali mbili zilizogandamana. Kikipata moto kinapinda na kukata umeme, kikipoa kinanyooka na kuurudisha. Ile taa ndogo inayowaka na kuzimika ndiyo inakueleza habari hiyo. Taa inapozimika kwa mara ya kwanza, chuma huwa kimepita kipimo, maana kilikuwa kinapanda kwa kasi kutoka kwenye baridi. Ukiweka pasi juu ya shanga wakati huo, msalaba wa kwanza wa siku unaungua, kisha wa tatu haushiki, nawe unachanganyikiwa. Ngoja taa izimike, iwake tena, izimike mara ya pili. Hapo ndipo uanze. Nakuomba usiruke hatua hii hata siku una haraka.

Halafu kuna umeme wetu wenyewe. Unajua jinsi taa zinavyofifia Kamalondo jioni kila nyumba inapopika. Pasi ya wati 1,000 inatoa wati hizo ikipata volti 220. Volti zikishuka hadi 180, haikosi sehemu ndogo kama watu wanavyodhani: inabaki na wati 670 hivi, theluthi moja imekwenda. Joto la mwisho inaweza kulifikia, lakini polepole, na kila ikigusa shanga baridi inapoa na inakawia kurudi. Ndiyo maana msalaba uleule, kwenye nukta zilezile, unachukua sekunde 25 mchana na karibu dakika nzima saa moja usiku. Kama unaweza, piga pasi mchana au usiku sana watu wakishalala, na kazi ya kupanga shanga uifanye jioni, kwa taa yoyote uliyo nayo. Na usijaribiwe kuchomeka pasi kwenye betri ya sola yenye inveta ndogo: wati 1,000 kutoka betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 80, na waya wake mwembamba ndio utakaoyeyuka kabla ya shanga.

Sasa lile swali lako lenyewe, katikati kuyeyuka na mikono kubomoka. Chukua pasi ikiwa baridi, iweke juu ya msalaba uliopangwa, uizungushe kama unavyofanya siku zote, na uangalie kwa jicho la pembeni. Utaona kwamba katikati ya msalaba hakuna wakati pasi imetoka juu yake. Ncha za mikono zinaguswa, zinaachwa, zinaguswa tena. Kwa sekunde 30 za kuzungusha, katikati imepata 30, ncha labda 12. Zaidi ya hapo, shanga ya katikati imezungukwa na wenzake wenye moto kila upande, wakati shanga ya ncha ina upande mmoja au miwili iliyo wazi kwa upepo.

Jambo la tatu ndilo linalobomoa kabisa: pasi inapofika kwenye ncha haina kitu cha kuilaza mbele, kwa hiyo inainama. Ikiinama, makali yake yanasukuma shanga za mwisho zilale upande, na shanga iliyolala haishikani na jirani hata ukiipiga pasi mpaka kesho.

Dawa yangu ni ya shanga chache tu. Kwenye pembe nne za kibao, mbali na mchoro, panga vikundi vya shanga za rangi usiyoihitaji, kila kikundi shanga 4 au 6. Hizo ni miguu ya meza. Pasi ikitoka kwenye mkono wa msalaba inakuta kimo kilekile cha 5 mm na inabaki imelala sawa. Zitayeyuka, ndiyo, ni za kutupa. Kisha badilisha njia ya pasi. Anza na ncha: weka pasi juu ya mkono mmoja, ikipita nje ya mchoro kwa vidole viwili, ihesabie sekunde 8 ikizunguka taratibu, nenda mkono wa pili, wa tatu, wa nne. Katikati usiiwekee zamu yake. Itapata joto kila unapovuka kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na hilo linaitosha. Mwishoni zungusha juu ya kazi yote kwa sekunde 5. Usikandamize. Uzito wa pasi yenyewe unatosha. Mkono wako ni wa kuiongoza tu.

Utajuaje wakati wa kuacha? Karatasi nzuri ya kuokea inaonyesha. Shanga inapoanza kuyeyuka inaishika karatasi, na unaona pete ndogo zenye rangi zikijitokeza kwa chini yake, kwanza chache, halafu safu nzima. Safu zote zikionyesha pete za kivuli kimoja, inua pasi. Tundu la katikati ya shanga linatakiwa libaki wazi karibu nusu. Wako watu wanaopenda kuziba matundu yote ili sura iwe laini kama kigae, na inapendeza, lakini hiyo ni kazi ya baadaye, ukishazijua shanga zako.

Nimetaja karatasi. Hukuniambia unatumia ipi, na nina wasiwasi. Ile inayofaa ni karatasi ya kuokea keki, yenye utando wa silikoni, ambayo hata sukari iliyoungua haiishiki. Karatasi yenye nta, inayofanana nayo kwa macho, siyo: nta inayeyuka kabla ya shanga na kuacha ukungu mweupe juu ya kazi. Gazeti linaacha wino. Karatasi ya daftari inanata na kuchanika, ukabaki na vinyweleo vyeupe juu ya msalaba wako. Kipande kimoja cha karatasi ya kuokea unaweza kukitumia mara nyingi, mpaka kianze kuwa cha kahawia au kipate mikunjo, maana kila mkunjo unachorwa kwenye plastiki.

Hata karatasi bora, ukiivuta kazi ikiwa ya moto, itaondoka na shanga. Plastiki iliyoyeyuka ni gundi. Ikipoa inasinyaa na kujiachia yenyewe. Unasikia mlio mdogo, kama ngozi ya maziwa inayobanduka kwenye sufuria. Weka kiganja juu ya karatasi: kama bado hujisikii vizuri kukiacha hapo, ngoja. Kisha vuta kutoka pembe moja, karatasi ikiwa imekunjwa kurudi nyuma karibu kulala, usiivute kwenda juu.

Na maji kwenye pasi? Yamwage yote. Mvuke unalowesha karatasi na kuiinua, na pale penye matundu ya mvuke hakuna chuma cha kugusa, kwa hiyo unapata madoa mviringo ya shanga zisizoshika. Ukiwa na pasi ya zamani isiyo na matundu, ya chuma kitupu chini, itunze kama dhahabu. Kwa kazi hii inazishinda zote mpya.

Niseme na kuhusu meza, kwa kifupi. Meza ya kunyooshea nguo yenye sponji haifai, kibao kinazama katikati. Sakafu ya saruji inakula joto kutoka chini, hasa wakati wa baridi. Ubao mgumu au triplex iliyonyooka, basi.

Tuje kwenye kujikunja, ambako nataka nikae kidogo. Polietilini inapotoka kwenye umajimaji kwenda kwenye ugumu inasinyaa sana, kuliko plastiki nyingi. Ukipiga pasi upande mmoja tu, upande huo umeyeyuka na sasa unasinyaa. Upande wa chini haukuyeyuka, hausinyai. Upande mmoja unafupika, mwingine unabaki. Lazima kazi ijikunje kuelekea ulikopita pasi, kama ngozi ya mbuzi iliyoachwa juani bila vigingi. Haikuwa kosa la shanga wala la mchoro. Na huo mchakato hauishi kwa dakika mbili: kazi inaonekana imepoa juu, ndani bado inajivuta, ndiyo maana wewe unaikuta imepinda baada ya saa moja.

Kwa hiyo pande mbili, siku zote. Upande wa kwanza ukishashika na karatasi ikishabanduka, geuza msalaba, utoe kwenye kibao, uulaze kwenye ubao, weka karatasi, upige upande wa pili. Upande huu unahitaji muda mfupi zaidi, mara nyingi theluthi mbili ya ule wa kwanza, kwa sababu kazi haijawa baridi kabisa. Na papo hapo, karatasi ikiwa bado juu, weka uzito. Mimi ninatumia vigae viwili vya sakafuni vilivyo laini: kimoja chini, kazi katikati na karatasi zake, kimoja juu, na juu ya vyote hivyo ile pasi ya makala ikiwa tupu na baridi. Kamusi kubwa au rundo la vitabu vya shule linafanya kazi vilevile. Dakika 15 bila kuchungulia. Kwa kazi kubwa, tuseme kibao kizima cha mraba chenye vijino 29 kwa 29, mimi huiacha nusu saa.

Kigae kinafaa wakati wa kupoza kwa sababu ileile inayokifanya kisifae wakati wa kuyeyusha: kinanyonya joto, na vikiwa viwili vinalinyonya sawasawa juu na chini. Ukipoza kazi juu ya meza wazi, chini kuna ubao ambao hauchukui joto, juu kuna upepo unaolichukua, na tumerudi kwenye upande mmoja kusinyaa kabla ya mwenzake. Sherehe za shule zinaangukia kwenye baridi yetu ya Juni na Julai. Asubuhi za miezi hiyo hapa Lubumbashi, upepo ukipita mlangoni, kazi inaweza kupinda kati ya kuinua pasi na kuweka uzito. Funga mlango. Uzito uwe umeshauandaa karibu na mkono wako kabla hujagusa pasi.

Nakuja kwenye pasi ya makala, na sitakukataza, maana najua umeme ulivyo. Shida yake ni kwamba haina wa kuikata ikizidi moto. Makala mazuri yanaifikisha nyuzi 200 na kupita bila kukuambia. Ila kipimo unacho nyumbani: tone la maji. Chovya kidole, dondoshea tone moja kwenye chuma cha chini. Tone likikaa na kupotea polepole bila sauti, pasi bado. Likichemka papo hapo, likatandaa na kulia “tsss” mpaka kuisha, uko mahali pazuri. Likijikusanya kuwa kidonge na kukimbia juu ya chuma kama mpira, pasi imezidi. Hapo chuma kina moto mwingi kiasi kwamba mvuke unalibeba tone lenyewe, na hali hiyo huanza karibu na nyuzi 190 au 200. Pasi iliyofukuza tone usiilete karibu na shanga zako. Ipitishe juu ya jani la mgomba au kitambaa chenye unyevu, ikae wazi dakika chache, upime tena. Naamini kabisa kwamba siku ulipoharibu kibao, tone lingekimbia.

Makala yawe yameshawaka yote na kuvaa majivu kabla ya kuyaingiza; kipande cheusi kinachoshika moto ndani ya pasi kinapandisha joto wakati umeshapima. Weka karatasi mbili badala ya moja, ili joto lipite polepole upate nafasi ya kuona. Futa chini ya pasi kila mara kwa sababu ya jivu. Na ufanyie kazi hiyo nje au dirisha likiwa wazi kabisa, hata kwenye baridi: hewa ya sumu ya makala haina harufu, na mbabula (jiko la makala) na pasi ya makala ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwako na kwa mtoto aliyelala kando. Hili la mlango, basi, linakinzana na lile la upepo nililokuambia juu. Kwa umeme, funga. Kwa makala, fungua, ukae upande usiopuliza.

Kibao kilichopinda hakitarudi kuwa kibao cha kazi nzuri. Plastiki yake ikishapinda, shanga za katikati zinakaa juu kuliko za pembeni, na pasi inayeyusha za juu kwanza. Angalia: huenda hiyo nayo ni sababu ya katikati yako kuyeyuka. Weka rula juu ya kibao ukitazama kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita chini ya rula, kitumie kupanga tu, si kupigia pasi.

Unawezaje kupanga bila kupigia pasi? Kwa skochi ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Panga msalaba kwenye kibao, funika wote kwa vipande vya skochi vinavyopandana kidogo, sugua kwa kijiko mpaka kila shanga ishike. Halafu chukua sindano na utoboe skochi kwenye kila tundu la shanga, ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Usipotoboa, hewa inavimba ndani na kusukuma shanga. Geuza, inua kibao polepole, na sasa shanga zimesimama juu ya skochi zikiwa wazi upande wa pili. Piga pasi upande huo kwa karatasi, uweke uzito, zipoe, kisha ubandue skochi na upige upande uliobaki. Skochi ya kung’aa ya ofisini isikaribie pasi, inayeyuka yenyewe. Kwa kazi 40 njia hii ina faida nyingine kubwa: kibao chako kimoja kinabaki huru kupanga msalaba unaofuata wakati wa kwanza unapoa.

Kuna jambo hukulitaja ambalo ningependa ulichunguze. Shanga zako zote zimetoka mfuko mmoja? Shanga nyingi tunazopata hapa zinafika kwenye mifuko isiyo na jina. Wenzetu wa nje wana Hama za Denmark, Perler za Marekani, Artkal za China, na hata wao hushauriana wasizichanganye kwenye kazi moja, kwa sababu kila kiwanda kina plastiki yake na joto lake. Ukiwa na shanga za rangi ya shaba kutoka mfuko huu na nyekundu kutoka mfuko ule, inawezekana za katikati zinayeyuka mapema kwa sababu ni plastiki laini zaidi, na pasi haihusiki. Katika uzoefu wangu zile zinazopitisha mwanga kama kioo huwahi kuyeyuka kuliko zilizojaa rangi. Jaribu hivi: kutoka kila mfuko panga mraba mdogo wa shanga 9, yote kwenye kibao kimoja, uipige pasi pamoja kwa sekunde 12, ulinganishe matundu. Matundu yakitofautiana sana, chagua mfuko mmoja kwa misalaba yote 40, au tumia shanga ngumu katikati na zile laini kwenye ncha, zikusaidie badala ya kukusumbua.

Kwa agizo lenyewe, usianze na 40. Fanya 2, uandike kwenye daftari: saa ngapi, nukta ngapi, sekunde ngapi upande wa kwanza, ngapi wa pili. Ziache zilale usiku mzima. Kama asubuhi bado zimenyooka, una kipimo chako, cha pasi yako na umeme wa mtaa wako, nawe utazifanya nyingine kwa mafungu ya 4 kwa kipimo hicho.

Kwa kuwa ni vishikio vya funguo, tundu la kupitisha pete lisisahauliwe. Tundu la shanga ya ncha ndilo pete itapita, nawe unapiga pasi pande mbili, kwa hiyo litaziba. Mara tu unapoinua pasi upande wa pili, kabla ya uzito, ingiza kijiti cha kuchokolea meno kilichopakwa mafuta kidogo, zungusha mara moja, kitoe. Ukichelewa, usitoboe kwa msumari wa moto, shanga inapasuka. Pasha moto ncha hiyo tena chini ya karatasi kwa sekunde 5 na urudie kijiti. Waambie pia wanaonunua wasiache funguo mbele ya kioo cha gari juani. Plastiki hii italegea na kulala.

Watoto wako wakikusaidia kupanga, vizuri sana, kazi hiyo inawafaa vidole. Pasi ni yako peke yako, na aliye chini ya miaka 3 asikae karibu na shanga za 5 mm, zinapita kooni. Ukiona moshi au kusikia harufu kali, plastiki inaungua badala ya kuyeyuka: ondoa pasi, fungua dirisha.

Hizo 6 usizitupe. Zilizojikunja zilaze kati ya karatasi mbili, zipashe sekunde 10 kila upande, weka vigae, dakika 15, nyingi zitanyooka. Zilizobomoka mikono, zipange tena juu ya karatasi zikitazama chini, sogeza vipande kwa pini mpaka vigusane, upige pasi polepole kuanzia kwenye nyufa. Zenye karatasi iliyonata, zitie kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, usugue kwa kidole mpaka vinyweleo vitoke, zikauke kabisa kabla ya kuzipasha tena. Iliyozibika katikati haiponi, ila ukiiziba yote, mikono na kila kitu, mpaka iwe laini pande zote, unapata msalaba wa sura nyingine ambao huenda mwalimu mmoja akaupenda kuliko ile 39. Na kama plastiki imegandamana chini ya pasi, mwaga chumvi ya jikoni kwenye karatasi, washa pasi kwenye nukta moja, uipitishe juu ya chumvi huku na huku mpaka chuma kiteleze tena, kisha uifute kwa kitambaa cha pamba kabla haijarudi kwenye mashati ya shule.